Kukadiria si Kubahatisha

Watu wengi waliopita shuleni hulikumbuka somo la hesabu kuwa somo la jibu moja tu. Jibu lilikuwa sahihi ama lilikuwa kosa; mwalimu alitia alama ya vema ama alitia mkasi, na mambo yakaishia hapo. Kwa sababu hiyo, sura ya kitabu ihusuyo makadirio hupitwa haraka. Mwanafunzi huiona kuwa ni sura ya wavivu wasiotaka kuhesabu mpaka mwisho, na mzazi naye huuliza kwa nini mtoto afundishwe jibu la "karibu" wakati jibu kamili lipo.

Maoni hayo yanapotosha. Makosa makubwa ya hesabu huweza kuwapata hata watu wajuao kuzidisha na kugawanya vizuri, ikiwa hawana desturi ya kujiuliza: Je, jibu hili laweza kuwa kweli? Swali hilo ndilo kazi ya makadirio. Anayekadiria habahatishi. Abahatishaye hutupa neno hewani. Akadiriaye huwa na sababu ya kila namba aliyoichukua, na hujua jibu lake laweza kupungua au kuzidi kwa kiasi gani.

VIPIMO VYA WAZEE

Elimu hii si ngeni kwetu. Kabla ya mizani na rula kuenea, watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi moja. Nguo na kamba zilipimwa kwa mwili wenyewe: shibiri ni nafasi iliyopo baina ya ncha ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa, shibiri mbili ni mkono mmoja, na mikono minne ni pima.

Wazee walijua vema kwamba mikono ya watu hailingani. Hata hivyo walifanya biashara na kujenga nyumba, kwa kuwa walielewa ni wapi tofauti ndogo inavumilika na ni wapi haivumiliki. Ufahamu huo ndio mzizi wa somo la makadirio, na mtoto wa leo anauhitaji sawasawa na babu yake.

MSINGI NI KUZIFAHAMU NAMBA

Hakuna awezaye kukadiria kama namba zenyewe hazimtii. Kwa hiyo mtoto wa madarasa ya chini hana budi kuyashika kwanza mambo manne. La kwanza ni jozi za kumi: saba na tatu, sita na nne, nane na mbili, mpaka azitaje bila kutumia vidole. La pili ni jedwali la kuzidisha mpaka 12. La tatu ni kuongeza maradufu na kugawa nusu: ajuaye kwamba maradufu ya 35 ni 70 hatapata taabu kuzidisha 35 kwa 4, kwa maana ni maradufu ya 70, yaani 140. La nne, ambalo ndilo kubwa, ni thamani ya nafasi: kutambua kwamba tarakimu 4 katika 400 ina thamani mara kumi ya ile iliyomo katika 40.

Kosa la thamani ya nafasi huonekana katika madaftari kila siku. Mtoto aombwaye kuzidisha 48 kwa 21 hupata kwanza 48, kisha 96. Akisahau kuisogeza 96 nafasi moja kushoto, hujumlisha na kuandika 144. Kila hatua aliifanya kwa uangalifu, hata kujumlisha kwake ni sahihi, lakini jibu ni kosa kubwa. Laiti angaliuliza kwanza, "48 ni karibu na 50, na 21 ni karibu na 20, je, 50 mara 20 ni ngapi?" angalijua kwamba jibu liko karibu na 1,000. Hapo 144 ingalimshtua, naye angalirudi nyuma kutafuta kosa. Jibu kamili ni 1,008.

Ndivyo ilivyo kwa nukta ya desimali. Mwanafunzi akizidisha 4.2 kwa 19.8 akapata tarakimu 8316, nukta aiweke wapi? Mara nne ishirini ni 80. Basi jibu ni 83.16, wala si 831.6 wala 8.316.

KANUNI NA MITEGO YAKE

Kanuni ifundishwayo shuleni ni fupi. Ukitaka kukadiria namba kwa makumi, tazama tarakimu ya mamoja. Ikiwa ni 5 au zaidi, panda juu. Ikiwa ni chini ya 5, shuka. Kwa mamia tazama makumi, na kwa maelfu tazama mamia. Kanuni hii ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kukadiria kwa ngazi. Chukua namba 2,449. Mtu akiikadiria kwa makumi hupata 2,450. Akiichukua hiyo na kuikadiria kwa mamia hupata 2,500. Na hiyo tena kwa maelfu, 3,000. Lakini 2,449 iko karibu zaidi na 2,000 kuliko 3,000. Sharti mtu akadirie mara moja tu, kutoka katika namba ya asili.

Mtego wa pili ni kuitii kanuni bila kutazama jambo lenyewe. Askari 130 wanasafirishwa kwa malori, na kila lori huchukua watu 30. Ukigawanya unapata malori 4 na theluthi ya lori. Kanuni ya shule ingesema 4, lakini malori yakiwa manne, askari 10 wataachwa barabarani, yanahitajika matano. Kinyume chake, mama mwenye mita 11 za kitambaa, ambaye kila gauni lahitaji mita 3, akigawanya hupata 3.67. Kanuni ingesema 4, lakini kitambaa kitatosha magauni matatu tu, na mita 2 zitabaki kwa kazi nyingine. Mahitaji hukadiriwa kwa kupanda. Kilichopo mkononi hukadiriwa kwa kushuka.

SOKONI NA GHALANI

Mama wa nyumbani aendapo dukani na fedha ya mwezi, makadirio ni mlinzi wake wa kwanza. Mathalani, amechukua sukari ya shilingi 3,850, mchele wa shilingi 8,400, mafuta ya kupikia ya shilingi 6,750, sabuni ya shilingi 2,900 na chumvi ya shilingi 950. Kichwani atasema: elfu nne, elfu nane, elfu saba, elfu tatu na elfu moja, jumla elfu ishirini na tatu. Mwenye duka akisema shilingi 22,850, atalipa kwa moyo mkunjufu. Akimwandikia 28,250, atajua mara moja kwamba kuna kosa, naye ataomba hesabu irudiwe kabla ya fedha kutoka mkononi.

Kosa la namna hiyo lina alama yake. Tarakimu 2 na 8 zimebadilishana nafasi, na tofauti ya hesabu hizo mbili ni 5,400, ambayo yagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti daima hugawanyika kwa 9. Kwa hiyo karani wa ghala ambaye hesabu zake hazilingani huanza kwa kuigawanya tofauti kwa 9. Isipobaki kitu, hutafuta kwanza mahali ambapo tarakimu zimepinduliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilokaguliwa nalo laweza kuipoteza mali.

BARABARANI NA UWANJANI

Askari hutumia makadirio kila siku hata asipoyaita kwa jina hilo. Katika mwendo wa hatua 120 kwa dakika, kila hatua ikiwa kama sentimita 75, hupita mita 90 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya kilomita 5 kwa saa. Kilomita 20 zitamchukua karibu saa nne, bila kuhesabu mapumziko.

Kwa askari wa usalama barabarani ipo kanuni nyepesi ifundishwayo madereva katika nchi kadhaa. Chukua mwendo wa gari kwa kilomita katika saa, ugawanye kwa 10, kisha uzidishe kwa 3: hizo ni mita ambazo gari hupita kabla dereva hajakanyaga breki. Halafu chukua ile namba iliyogawanywa kwa 10, uizidishe kwa yenyewe: hizo ni mita ambazo gari huenda breki ikiwa imekamata, katika barabara kavu. Kwa mwendo wa kilomita 40, ni mita 12 na mita 16, jumla 28. Kwa mwendo wa kilomita 80, ni mita 24 na mita 64, jumla 88. Mwendo umeongezeka maradufu, lakini umbali wa kusimama umeongezeka zaidi ya mara tatu. Mtoto ajuaye hesabu hiyo hatavuka barabara kwa kulitegemea gari lililo mbali.

Polisi apelekwaye kwenye mkutano wa hadhara hawezi kuhesabu vichwa kimoja kimoja. Hupima uwanja kwa hatua. Ukiwa na urefu wa mita 50 na upana wa mita 40, eneo lake ni mita za mraba 2,000. Akichagua sehemu chache na kuona kwamba kwa wastani kila mita ya mraba ina watu wawili, atakadiria watu 4,000. Hatasema 4,013, kwa kuwa usahihi huo hanao. Namba isiyo na ushahidi ni uongo hata ikiwa na tarakimu nyingi.

Wapiga mizinga nao wana kipimo chao cha pembe kiitwacho mili, ambacho kimejengwa juu ya makadirio. Kitu chenye upana wa mita 1, kilichopo umbali wa mita 1,000, huonekana katika pembe ya mili 1. Basi lori lenye urefu wa mita 8 likionekana kwa ubavu katika mili 10, liko umbali wa karibu mita 800. Kwa hesabu ya kweli duara zima lina pembe kama hizo 6,283 na kitu. Lakini 6,283 ni namba ngumu kugawanya, kwa hiyo majeshi ya NATO yamechukua 6,400, ambayo hugawanyika nusu mara nyingi, na Urusi ya Kisovieti na washirika wake walichukua 6,000. Kila namba ni makadirio, na kila moja hufanya kazi vizuri peke yake. Hatari huja mtu akizichanganya, kwa maana robo ya duara ni mili 1,600 kwa chombo cha namna moja, na mili 1,500 kwa kingine.

NDEGE ILIYOISHIWA MAFUTA ANGANI

Kuchanganya vipimo ndiko kulikosababisha mkasa uliotokea Kanada tarehe 23 Julai 1983. Ndege ya abiria aina ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada, iliyokuwa na watu 69, ilikuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Vioo vya kuonyesha kiasi cha mafuta vilikuwa vimeharibika, hivyo mafuta yalipimwa kwa kijiti, na hesabu ikafanywa kwa mkono. Siku hizo Kanada ilikuwa ikihama kutoka vipimo vya ratili kwenda vipimo vya kilo.

Kabla ya safari zilikutwa tangini lita 7,682. Ndege ilihitaji kilo 22,300. Ili kugeuza lita kuwa kilo, wahusika walizidisha kwa 1.77. Lakini namba hiyo ni ya ratili: lita moja ya mafuta hayo ina uzito wa ratili 1.77, ambazo ni kama kilo 0.8 tu. Waliamini kwamba zimo kilo 13,597, wakaongeza lita 4,917, ilhali zilihitajika zaidi ya lita 20,000. Ndege iliondoka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yake.

Injini zote mbili zilizimika angani. Rubani, Robert Pearson, ambaye alikuwa na ujuzi wa kurusha ndege zisizo na injini, akisaidiana na mwenzake Maurice Quintal, aliiteremsha katika uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli. Hakuna aliyekufa.

Kuzidisha kwao hakukuwa na kosa: 7,682 mara 1.77 ni 13,597. Kilichokosekana ni swali moja la makadirio. Mafuta ya ndege za namna hiyo ni jamii ya mafuta ya taa. Kila mtoto aliyewahi kuona mafuta ya taa yakimwagika katika maji anajua kwamba huelea juu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi lita ya mafuta haiwezi kufika kilo 1, sembuse kilo 1.77. Mtu yeyote aliyetua kidogo na kuitazama namba hiyo kwa jicho la namna hiyo angaliweza kuikamata kabla ndege haijaruka.

KOSA DOGO LIRUDIWALO

Upo upande mwingine wa jambo hili, nao haufai kufichwa. Makadirio nayo yaweza kuua yakitumiwa bila kufuatiliwa. Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud lilipiga kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kulinda eneo hilo haukufyatua.

Uchunguzi ulionyesha kwamba saa ya mtambo ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja tu, na kwa mwandiko huo sehemu moja ya kumi haiishi, kama vile theluthi isivyoisha tuiandikapo 0.333. Ilibidi ikatwe mahali fulani. Kosa la kila hesabu lilikuwa kama sekunde moja iliyogawanywa sehemu milioni kumi. Nani angaliogopa kosa dogo hivyo? Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 bila kuzimwa, na kosa lile lilirudiwa mara 3,600,000, likafika theluthi ya sekunde. Kombora lililokwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde hupita zaidi ya nusu kilomita katika muda huo, na mtambo ulilitafuta mahali ambapo halikuwapo. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran siku iliyofuata.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo hutumika kusifu akiba, lakini makosa nayo hujaza kibaba vivyo hivyo. Kila akadiriaye ajiulize hesabu yake itarudiwa mara ngapi.

MAHALI PASIPOKADIRIWA

Kutokana na hayo, mzazi amfundishe mtoto pia mahali ambapo kukadiria hakuruhusiwi. Dawa ni mahali pa kwanza. Maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto mwenye kuharisha hutengenezwa kwa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa juu bila kilele. Chumvi ikizidi, dawa hugeuka sumu. Paketi itolewayo zahanati ni bora zaidi, nayo ichanganywe na kiasi kile kile cha maji kilichoandikwa juu yake. Hapa "karibu" haifai.

MAZOEZI YA JIONI

Mazoezi ya makadirio hayahitaji kitabu cha bei. Familia yaweza kuyafanya baada ya chakula cha jioni, yakachukua robo saa tu.

1. Jaza kikombe maharage. Kila mtoto aandike makadirio yake na sababu yake, kisha yahesabiwe. Mwenye akili atahesabu kwanza ya kijiko kimoja, apime kikombe kina vijiko vingapi, kisha azidishe.

2. Mtoto apime urefu wa hatua yake, akadirie umbali wa kutoka nyumbani mpaka bombani, kisha umbali huo upimwe kwa kamba.

3. Radi ikimulika, watoto wakiwa ndani ya nyumba, wahesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Sauti hupita kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja.

4. Kabla ya kufanya hesabu yoyote ya shule, mtoto aandike pembeni jibu la makadirio. Akimaliza alinganishe. Yakipishana sana, arudie kazi. Asifute makadirio ili yafanane na jibu.

Sharti la nne ndilo lenye thamani kuliko yote, nalo ndilo gumu, kwa sababu watoto hupenda kuficha makadirio yaliyokosea. Mzazi asiwacheke. Waandike katika daftari makadirio, jibu la kweli na tofauti, siku kwa siku. Baada ya majuma machache wataona wenyewe tofauti ikipungua, na furaha hiyo itawafundisha zaidi kuliko fimbo.

Simu ya mkononi hujumlisha na kuzidisha haraka kuliko binadamu yeyote, lakini haijui kama kidole kimebonyeza 7 badala ya 1, wala kama namba iliyoingizwa ni ya kilo au ya ratili. Ajuaye ni yule aliyelikadiria jibu kabla ya kubonyeza. Mtoto azoezwe kazi hiyo mapema, ili siku atakapokabidhiwa ghala, gari, mgonjwa au maisha ya wenzake, asiipokee namba yoyote kwa sababu tu imeandikwa vizuri.